Nilivyomjibu Babu wa Kitanda cha Tisa

Mtu akikuambia siku za kuangalia hospitalini ni za kupumzika, ujue yeye alizipoteza. Mimi sikuzipoteza. Nilizifaidi kupita kiasi, na ndiyo sababu mpaka leo, nesi mzima mwenye funguo za kabati la dawa mfukoni, nikipita mbele ya wodi ya upasuaji ya wanaume huwa naongeza mwendo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza. Kabla hawajatuamini na sindano, chuo kilitupeleka wodini kwa siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, tukatazame tu. Mwalimu wetu wa mazoezi, mama mfupi mwenye sauti ya kuongoza rozari, alitupanga uani tukiwa tunatetemeka. Ilikuwa Julai, na baridi ya Sumbawanga haimwonei mtu huruma, halafu sweta juu ya sare ilikuwa marufuku. Akatupa masharti: usiguse, usichome, usimweleze mgonjwa hali yake. Mgonjwa akikuuliza ana nini, mwambie amuulize daktari. Kisha akatupa siri ya kufaidi siku zile. Chagua mgonjwa mmoja, akasema, mfuate kuanzia leo mpaka Ijumaa, kwa sababu ukitaka kuwaangalia wote hutamwona hata mmoja.

Wenzangu wengi walizichukulia siku zile kama likizo. Walijibanza kwenye korido ya nyuma, wakapiga soga na kuchezea simu mpaka saa nane. Mimi kiherehere changu nakijua. Nilitoka nyumbani Milanzi kwa miguu kila asubuhi ili nifike kabla ya makabidhiano ya zamu, nisikie nani amelala vipi, nani amepandisha homa. Nilikuwa na daftari kubwa, nimelitia jalada la gazeti, na kalamu mbili endapo moja ingeniangusha. Mama yangu alinicheka akasema ninakwenda kuandika Biblia.

Mgonjwa niliyemchagua alikuwa kitanda cha tisa, babu mmoja mkulima kutoka Msanzi. Alikuwa amekanyaga kisiki cha bua la mahindi wakati wa kuvuna. Kidonda kidogo tu, akakifunga majani, akaendelea na kazi. Hakujua kwamba ana kisukari. Alipoletwa kwetu vidole vitatu vya mguu wa kulia vilikuwa vyeusi, na wenzangu walipofika kitanda cha nane walikuwa wanageuza kwa sababu ya harufu. Mimi nikapita mpaka cha tisa. Nikajikaza, nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akanitazama. Bila shaka alinisikia lafudhi, maana aliniuliza kwa Kifipa mimi ni mtoto wa nani na wa wapi. Nikamjibu kwa Kifipa cha bibi yangu. Basi, uso wake ukafunguka. "Kumbe wameniletea mke," akasema. "Kaa hapo mke wangu, hawa wengine hawajui kuongea na watu."

Kwetu babu na mjukuu ni watani, na si lazima awe babu aliyemzaa baba yako. Mzee yeyote wa umri huo anaweza kukuita mke wake, akakulalamikia kwamba hupiki, ukamjibu kwamba hakupati hata kwa debe la ulezi, na watu wakacheka. Siku ile ya Jumatatu tulitaniana mpaka mgonjwa wa kitanda cha kumi akaomba naye aoe. Babu alinieleza habari za shamba lake, la mahindi juu na la ulezi kwenye mteremko, na mtoto wake mkubwa aliyehamia Ilemba kulima. Alizungumza sana habari za kutembea. Kila Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu, na baiskeli aliidharau, akisema ni ya watu wenye haraka ya kufa. Niliandika kurasa sita. Nilijiona nimepatia.

Jumanne ikaja raundi ya madaktari. Nilisimama miguuni pa kitanda na wanafunzi wengine wawili. Daktari wa upasuaji, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alifunua bendeji, akautazama mguu, akazungumza na mwenzake kwa kile Kiingereza chao cha hospitali kinachokwenda mbio. Sikushika yote. Lakini nilishika la muhimu, kwa sababu alisema huku akiweka ubavu wa kiganja chake chini ya goti la babu, hapa, kama mtu anayeonyesha pa kukata muwa. Wakasema wakate mapema, kesho asubuhi, wakati goti bado linaokoka. Ukibaki na goti lako mwenyewe, mguu wa bandia unaujifunza, hata shamba unaweza kulifikia. Halafu wakasogea kitanda cha kumi. Daktari alipanga kurudi mchana na fomu ya ridhaa, akae na mzee amweleze taratibu. Hilo nililisikia vizuri.

Babu hakujua Kiingereza, lakini macho alikuwa nayo. Wakiwa bado kitanda cha kumi na moja alinikonyeza nisogee.

"Mke wangu, yule kijana aliponiwekea kiganja pale chini ya goti, alikuwa anapima nini?"

Alikuwa anatabasamu. Mkono wake ulioshika blanketi ndio ulikuwa hautabasamu. Nilikuwa na jibu langu tayari, nimepewa bure na mwalimu: muulize daktari. Maneno mawili. Lakini haki ya Mungu nilimwonea huruma, nikaona nikisema hivyo atajua palepale. Na nilikuwa mke wake wa utani, si ndiyo? Nikaingia kwenye utani nikajificha humo.

"Anakupima suruali, mume wangu," nikamwambia. "Unataka kunioa na hilo kaptura lako?"

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mkono ukaachia blanketi. Akamwambia wa kitanda cha kumi kwamba anashonewa suruali ya harusi na serikali. Kisha akalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu afike, nami nikaandika kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri: mgonjwa ametulia baada ya kupewa faraja. Nilipigia mstari neno faraja. Nikikumbuka ule mstari natamani kujichapa.

Mchana daktari akarudi na fomu. Akavuta kiti, akakaa karibu, akaanza kumweleza kwa Kiswahili cha polepole kwamba mguu umeoza, na ule uozo unapanda. Babu alimsikiliza huku anatabasamu, halafu akamkatisha. "Lakini daktari, mke wangu ameshaniambia. Ulikuwa unanipima suruali."

Mgonjwa wa kumi akacheka. Daktari hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akamtazama babu, na babu akamwona anavyonitazama. Nilikauka pale. Tabasamu lilimtoka mzee kidogo kidogo mpaka likaisha. Akaniuliza kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, kama nilikuwa najua asubuhi ile. Nikafunga daftari langu. Akapata jibu lake.

Daktari aliendelea kueleza, masikini, alieleza vizuri kuliko nilivyopata kumsikia daktari yeyote baadaye. Lakini babu alikuwa ameshafunga mlango. Alisema kama hata mtoto wa Kifipa anamficha, basi nani wa kumwamini humu ndani. Hawezi kujua mangapi mengine yamefichwa. Hakatwi mpaka mwanawe wa Ilemba aje asikie mwenyewe. Akaingiza mikono yote miwili chini ya blanketi, dole gumba la kutilia sahihi lisionekane.

Sista wa zamu alinivuta mpaka chumba cha bendeji. Nilitegemea kufokewa. Hakufoka. "Ungenyamaza tu," akasema. "Hata kunyamaza ungeweza." Akarudi kazini. Mimi nikabaki na zile pamba na mikasi, nikalia kimyakimya, halafu nikanawa uso nikatoka kwa sababu nilitakiwa kuwa naangalia.

Na niliangalia. Sista alichukua kalamu ya wino akachora mstari kwenye ngozi ya babu, pale wekundu ulipoishia, vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Wekundu ukivuka mstari, akasema, ujue unapanda. Mpaka tunaondoka saa nane ulikuwa kwenye mstari.

Jumatano asubuhi nilikwenda moja kwa moja kitanda cha tisa hata kabla ya makabidhiano. Wekundu ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa kiganja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Basi. Hakuna mke, hakuna lolote. Nilimwambia kwa Kifipa nilikosea, nikamwomba msamaha, nikamwomba amsikilize daktari kwa sababu daktari hadanganyi. Aliangalia dari. Nilisema mengi sana asubuhi ile, mimi niliyeshindwa kusema maneno mawili jana yake, na kila nililosema lilikuwa kweli tupu, na halikuwa na thamani ya punje ya ulezi. Daktari alirudi mara mbili. Mara ya pili alipiga magoti kabisa kando ya kitanda. Babu akamjibu kwa heshima zote: mwanangu akija.

Mwana hapatikani. Ilemba iko kule chini bondeni, na simu yake ilikuwa haiiti. Sista alipata namba ya jirani, jirani akasema kijana yuko shambani, atamfuata. Nilimuuliza sista hatuwezi kumpeleka tu, si ni kwa faida yake? Akaniambia mguu ni wake, akili anazo, na mwenye mguu amekataa. Nilijua ana haki. Nilikuwa naichukia ile haki.

Sijawahi kuona siku ndefu namna ile. Sikuruhusiwa kumpa maji, wala kumgeuza, wala kumbadilishia bendeji. Nilisimama. Kila saa nilikuwa nainama kuangalia mstari wa kalamu, ambao sasa ulikuwa umebaki nyuma peke yake, katikati ya wekundu. Sista alichora mwingine juu yake. Dawa za mshipa zilikuwa zinaingia tone kwa tone, nami nilizihesabu kama vile kuhesabu ni kazi.

Saa tisa hivi, wenzangu wameshaondoka na mimi nimeomba nibaki, mwana akafika. Mtu mzima, miguu imejaa vumbi, kofia mkononi. Akasikiliza yote, daktari akamwonyesha, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Moyo ukanitulia. Halafu akasema yeye peke yake hawezi kumrudisha baba nyumbani akiwa na mguu mmoja bila baba zake wadogo kujua. Watamwuliza alikuwa nani hata akaamua. Acha apande Msanzi usiku huohuo, awaambie wao na mama yake, kesho saa sita atakuwa amerudi nao. Babu akasema amesema vyema. Daktari akamwambia kesho saa sita inaweza kuwa mbali. Mwana akamwomba radhi mara tatu, akavaa kofia, akaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama mlangoni kumzuia, na tungemzuia kwa nini.

Alhamisi babu alikuwa hajui ni siku gani. Alikuwa anatetemeka, anamwita mtu nisiyemjua kwa Kifipa, anamwambia afunge mbuzi. Homa imepanda, mistari yote ya kalamu imepitwa, wekundu umefika kwenye goti lenyewe. Madaktari walikuja watatu. Hakuna tena habari ya kusubiri saa sita. Kulikuwa na dakika chache ambapo akili zilimrudia, daktari akamwambia: mzee wangu, tusipokata sasa hivi tunakupoteza. Babu akatoa mkono chini ya blanketi. Walimpaka wino dole gumba, akabonyeza.

Kisha daktari akapima tena kwa kiganja, na safari hii alikiweka juu ya goti, katikati ya paja. Babu hakutazama kiganja. Alinitazama mimi. Nami, Mungu anisamehe, nilitazama sakafu.

Waliniruhusu kufuata mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Nilikaa kwenye benchi la nje, baridi imeingia mpaka kwenye meno. Baada ya muda mrefu mhudumu akatoka na ndoo yenye kifuniko, akaangalia huku na huku kwenye korido.

"Ndugu wa yule mzee wa Msanzi yupo?"

"Hayupo," nikamjibu. "Anakuja saa sita."

"Haya," akasema, akazunguka na ndoo yake kwa nyuma. Nilifikiri alitaka kuwapa ndugu taarifa. Sikumuuliza chochote, mimi niliyekuwa nauliza kila kitu.

Mwana alifika saa sita kasoro, kweli kama alivyosema, na wazee wawili wenye makoti mazito. Walikuwa wamekubaliana kwamba babu akatwe. Waliambiwa ameshakatwa, na kwamba yu hai. Wale wazee walivua kofia wakashukuru. Walinishukuru na mimi, kwa sababu ya sare, wakanishika mkono kwa mikono miwili mmoja baada ya mwingine. Nilipokea shukrani zile. Sijui ningefanya nini kingine.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Nilimkuta babu ameegemezwa kwenye mito, macho yameingia ndani, homa imeshuka. Blanketi lilikuwa limelala bapa upande wa kulia kuanzia kwenye paja. Mwanawe alikuwa ametoka kutafuta uji. Niliamkia, akaitikia, nikaanza kujiondokea taratibu.

"Binti," akaniita. Nikarudi. "Mguu wangu mmeuweka wapi?"

Aliuliza wazi, bila tabasamu, kama anavyouliza mtu ulipoachwa mfuko wake. Nilimwambia sijui, ngoja nikaulize, na hiyo ilikuwa kweli. Nikaenda kwa sista wa zamu. Sista akaniambia huwa wanaulizwa ndugu pale mlangoni, wakitaka kuondoka nao wanapewa. Kama hakuna ndugu, unakwenda kwenye tanuri nyuma ya chumba cha kufulia pamoja na taka nyingine za upasuaji, siku hiyohiyo, kwa sababu haziwezi kukaa. Akaniona uso ulivyobadilika, akasema, "Mwache, daktari atamweleza."

Safari hii ndiyo ningeweza kusema muulize daktari, na ningekuwa nimefuata sharti. Nilirudi kitanda cha tisa, nikapiga magoti ili nisimsemeshe kutoka juu.

"Umechomwa, babu. Jana ileile. Mhudumu alikuja kuuliza ndugu, mimi nikamjibu hayupo."

Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa anashikashika blanketi pale lilipolala bapa. Sikuona hasira usoni mwake. Afadhali ningeiona.

"Ungeniambia Jumanne," akasema, "ningemwagiza mwanangu aje na shuka. Angekuwepo pale mlangoni. Angeupeleka Msanzi wakauzike pale watakaponizika mimi, ukanisubiri."

Nililia mbele yake, nikiwa na sare, jambo ambalo mwalimu alikuwa ametukataza pia. Aliniacha nilie. Nilipomaliza akaniuliza kama majivu yapo.

Nilitoka mbio. Nilipita korido ya nyuma, nikawaruka wenzangu na simu zao, nikazunguka chumba cha kufulia mpaka kwenye tanuri. Mlango wake wa chini ulikuwa wazi, na mhudumu alikuwa anayakokota majivu kwa koleo kwenda shimoni. Nikasimama nikaangalia. Yalikuwa mengi, ya kijivu, na ndani yake kulikuwa na vipande vya chupa, sindano zilizopinda, na bendeji zilizokataa kuungua za watu wa wodi zote.

Nikarudi.

"Yapo, babu," nikamwambia. "Lakini yamechanganyika."

"Haya," akasema.